Bangi Baina ya Halali na Ruhusa

Jioni moja ya mwezi wa Aprili mwaka 2024, katika baraza moja ya Ngamiani mjini Tanga, ambako wazee hukusanyika baada ya sala ya alasiri kunywa kahawa chungu kwa kashata ya nazi, redio ilitangaza kuwa dola ya Ujerumani imehalalisha bangi, na kabla mtangazaji hajaimaliza habari yake, mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikuwa nahodha wa majahazi aliweka kikombe chini akauliza, "Maalimu, na hiyo halali wameipata kwa nani?" Maalimu, aliyesomesha miaka 30 kabla ya kustaafu, alijaribu kumfahamisha kwamba Wajerumani hawakusema kuwa bangi ni njema, wamesema tu kwamba mtu mzima aliyechukua gramu 25 mfukoni, au aliyepanda miche mitatu nyumbani kwake, hatakamatwa tena na askari. Nahodha alisikiliza hata mwisho, akatikisa kichwa, akasema, "Basi hiyo si halali, Maalimu. Hiyo ni ruhusa."

Nimeyaokota maneno hayo ya nahodha nikayafanya mlango wa makala haya, kwa kuwa naona kwamba nusu ya ugomvi ulioko baina yetu juu ya bangi hautokani na jani lenyewe, watoka katika kitenzi tunachokitumia tukilizungumza. Lugha yetu ilipoazima neno halali katika Kiarabu haikuliazima tupu. Ililichukua pamoja na uzito wake wote, hata leo mtu akisema nyama hii ni halali, ama fedha hii ni halali, ama huyu ni mke wangu wa halali, msikilizaji hafikirii kifungu cha sheria wala gazeti la serikali, hufikiria usafi wa kitu chenyewe mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya watu. Kwa hiyo mbunge asimamapo kusema kuwa bangi ihalalishwe, huenda yeye anakusudia jambo dogo tu, kwamba kijana aliyekutwa na msokoto mmoja asifungwe, au kwamba tabibu aweze kumwandikia mtoto mwenye kifafa mafuta yaliyokamuliwa katika mmea ule. Lakini walio nje wamekwisha sikia kwamba bangi imekuwa kama maziwa. Dhambi, jinai, dawa na biashara ni mashauri manne mbalimbali, ambayo kila moja lina kadhi wake, nayo yametiwa katika kapu moja.

Mmea wenyewe si mzalia wa Afrika. Asili yake ni Asia, na jina tunaloliita lilitoka Bara Hindi, likapita kwa Waajemi na Waarabu, likateremka pwani kwetu na pepo za kaskazi. Padri Mreno João dos Santos, aliyekaa Sofala na kando ya mto Zambezi mwishoni mwa karne ya 16, na ambaye kitabu chake kilipigwa chapa mjini Évora mwaka 1609, ameitaja bangue katika habari za watu wa kusini-mashariki mwa bara hili. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kutoka pwani hata Ujiji baina ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kuwa aliiona imepandwa karibu na nyumba za wenyeji. Lakini habari inayonipendeza kuliko hizo ni ya nchi ya Kasai, ambayo leo imo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko, mwaka 1881, Mjerumani Hermann Wissmann, yule yule ambaye baadaye aliletwa kwetu kuvizima vita vya Abushiri, aliwakuta Washilange walioacha pombe, wakachoma hirizi zao, wakajiita Bena Riamba, yaani watu wa bangi, wakaifanya kuwa alama ya udugu na amani; na mkosaji miongoni mwao adhabu yake ilikuwa ni kuvutishwa bangi hata azimie. Kwetu mtu huadhibiwa kwa sababu amevuta. Wao walimvutisha ili aadhibike.

Hayo siyatoi kuwa hoja ya kuruhusu. Ukongwe wa jambo haulifanyi kuwa jema, na watu wa pwani ambao wamelihifadhi neno kasumba, ambalo asili yake ni afyuni, kwa kuitaja kila fikra mbovu iliyomkaa mtu kichwani, walijua vyema kileo kinavyoweza kumtawala aliyekinunua. Nayatoa kwa sababu kuna wasemao kwamba bangi ni ugeni wa juzi ulioletwa na muziki wa reggae na sinema, na wasemao hivyo hawakusoma.

Waama, waliosoma zamani walilishughulikia shauri hili kwa usahihi ambao ungewafaa wabunge wa leo. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea katika mwambao wetu, Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, alipambanua baina ya mvinyo na mimea iondoayo akili. Mvinyo ni haramu na ni najisi, na mnywaji wake ana adhabu ya hadi, iliyokwisha pimwa. Mimea ile nayo ni haramu kwa mwenye kuitumia ili alewe, lakini yenyewe si najisi, na mtumiaji wake hapigwi hadi, hupewa taaziri, yaani adhabu ya kumrudi ambayo kadhi huipima kwa hali ya mtu na kosa lake. Na ikihitajiwa kwa tiba, ina mlango wake. Karne moja baadaye Zarkashi wa Kairo akaandika risala nzima juu ya hashishi peke yake, akakazia uharamu wake. Tazama, msomaji, jinsi wanazuoni hao, ambao hakuna hata mmoja wao anayeweza kushukiwa kuwa mvutaji, walivyoweza kusema kwa pumzi moja kwamba kitu ni haramu, kwamba adhabu yake si ile ya mvinyo, na kwamba mgonjwa ana hukumu yake mbali. Sisi, pamoja na mabunge na vyuo vikuu vyetu, tunashindwa kuyatenga hayo matatu.

Marufuku tuliyo nayo leo haikutoka kwa mafakihi hao, wala haikutoka kwa wazee wetu. Ilitoka Geneva. Afrika Kusini ya makaburu na Waingereza ndiyo iliyoandika kwa Shirikisho la Mataifa mwaka 1923 ikitaka bangi, ambayo huko huitwa dagga, ihesabiwe pamoja na afyuni. Na katika mkutano uliomalizika Februari 1925, mjumbe wa Misri, Mohamed El Guindy, akasimama kuieleza hashishi kuwa ni balaa iliyoiangamiza nchi yake. Wakubwa waliokuwa wamekuja kuzungumza habari za afyuni na kokeini wakaiingiza na hii, wakaiita katani ya Kihindi, jina litakalomshangaza mtu wa Muheza au Korogwe ambaye kwake katani ni mkonge na si kitu kingine. Kisha ukaja Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa tarehe 30 Machi 1961, ulioiweka bangi katika jedwali moja na heroini na kuyataka mataifa yaimalize kabisa matumizi yake yasiyo ya tiba katika muda wa miaka 25. Tanganyika siku hiyo ilikuwa haijapata bendera yake. Na jedwali lile zito bangi ilikaa ndani yake hata tarehe 2 Desemba 2020, ilipotolewa huko Vienna kwa kura 27 dhidi ya 25, Kenya ikiwa miongoni mwa waliokataa. Lakini imebaki katika jedwali la kwanza, chini ya udhibiti mkali, wala kura ile haikuipa nchi yoyote ruhusa ya kuiuza kwa starehe.

Katika Tanzania sheria inayotawala ni ile ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1995, nayo inaihesabu bangi pamoja na mirungi. Adhabu zake si za mzaha: kifungo cha miaka 30 kwa aliyekamatwa na magunia ni hukumu isomwayo magazetini mara kwa mara, na mashamba ya Kisimiri Juu katika Arumeru na yale ya Tarime yamefyekwa na kuteketezwa si mara moja wala mbili. Hapa pana jambo la kuchekesha, ijapokuwa aliye gerezani hatalicheka. Mirungi hiyo hiyo, ukivuka mpaka pale Namanga, huitwa miraa, na tangu mwaka 2016 serikali ya Kenya imeiingiza rasmi katika orodha ya mazao yake, kama chai na kahawa. Uingereza nayo, iliyokuwa ikiinunua kwa ndege nzima nzima, ikaipiga marufuku mwezi Juni 2014. Fungu lile lile la majani, lililokatwa asubuhi moja katika Meru ya Kenya, laweza kuwa zao la taifa, na jinai ya kumfunga mtu, na bidhaa iliyoharamishwa London, kwa kutegemea gari lililopakiwa.

Siku moja nilikuwa katika mahakama ya wilaya, ambako nilikwenda kwa shauri la kiwanja cha urithi, na kabla ya jina letu kuitwa akapandishwa kizimbani kijana wa miaka kama 20, aliyevaa jezi ya mpira iliyopauka na ndala za rangi mbili, kila mguu na yake. Mwendesha mashtaka aliinua bahasha ya kaki yenye lakiri, akaeleza kuwa ndani yake mna misokoto mitatu ya majani yadhaniwayo kuwa bangi. Ilikuwa imefungwa kwa karatasi ya daftari la shule, na kutoka pale nilipokaa, safu ya mbele, kielelezo kilipoonyeshwa niliweza kuona mistari ya buluu na hesabu za kugawanya zilizosahihishwa kwa wino mwekundu. Hakimu akauliza kama taarifa ya Mkemia Mkuu wa Serikali imefika. "Bado, mheshimiwa." Shauri likaahirishwa kwa siku 14, na haikuwa mara ya kwanza. Nje, chini ya mwarobaini, mama wa kijana yule alinifuata, kwa kuwa nilivaa kanzu na nilishika mafaili akanidhania karani, akaniuliza, "Baba, eti gramu ni kitu gani?" Nikamwambia ni kipimo kidogo mno, mama, karatasi moja ya daftari hupata kama gramu mbili. Akanitazama kwa muda. Nami nikatambua, baada ya kwisha kusema, kuwa huenda karatasi ile ilikuwa nzito kuliko ilichokifunga.

Simlaumu hakimu yule wala mwendesha mashtaka. Sheria inawataka wathibitishe kuwa jani ni bangi, na kwamba bahasha iliyofika kwa mkemia ndiyo ile iliyotoka mfukoni mwa mshitakiwa, kwa maandishi ya kila mkono iliyopitia. Na mashauri makubwa ya magunia na magari yamevunjika katika rufani kwa sababu mnyororo huo wa utunzaji ulikatika mahali. Neno langu ni hili, kwamba mashine ile ile nzito, yenye maabara, lakiri, askari na gari la mahabusu, huzungushwa sawasawa kwa mwenye tani na kwa mwenye gramu, na mwenye gramu ndiye asiyekuwa na wakili.

Nchi ya Kiafrika iliyoupitia mjadala huu kwa kina kuliko zote ni ile ile iliyouanzisha Geneva, yaani Afrika Kusini. Gareth Prince alikuwa kijana wa Cape Town aliyesomea sheria na kufuata imani ya Rastafari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 chama cha mawakili cha Cape kilikataa kumwandikisha, kwa kuwa alikuwa na hatia mbili za kukutwa na bangi na, badala ya kuomba radhi, alitamka waziwazi kuwa ataendelea kuitumia kama ibada. Akashitaki, akapanda ngazi moja baada ya moja, na mwaka 2002 Mahakama ya Katiba ikamkatalia kwa majaji watano dhidi ya wanne. Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye akarudi kwa mlango mwingine: hakudai tena uhuru wa dini yake peke yake, alidai faragha ya kila mtu nyumbani kwake, na tarehe 18 Septemba 2018 mahakama ile ile, safari hii kwa kauli moja iliyosomwa na Raymond Zondo, ikaamua kuwa dola haina haja ya kuingia chumbani mwa mtu mzima kutafuta jani alilolipanda mwenyewe kwa matumizi yake mwenyewe.

Angalia kipimo cha hukumu ile, maana huku kwetu ilisimuliwa vibaya. Haikusema kuwa bangi haina madhara. Haikuruhusu kuuza, wala kununua, wala kuvuta njiani, wala kumpa mtoto. Ilisema faragha, ikanyamaza. Bunge likapewa miezi 24 kuandika sheria, likachukua karibu miaka sita. Na Rais Cyril Ramaphosa akaitia saini tarehe 28 Mei 2024, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, sadfa ambayo kila msomaji ataifasiri kwa kadiri ya imani yake kwa wanasiasa. Sheria ile imeacha pengo ambalo wakosoaji wake wanalionyesha kwa kidole: mtu anaruhusiwa kupanda, lakini mbegu ataipata wapi ikiwa kuuza ni kosa? Na mwenye nyumba yenye ua ana faragha ya kupanda, lakini yule aliyepanga chumba kimoja cha bati, ambaye mlango wake unafungukia njiani, faragha yake iko wapi? Hata hivyo, mimi naiona hukumu hiyo kuwa ndiyo kauli ya insafu kuliko zote zilizotolewa katika bara hili juu ya jambo hili, kwa sababu ilijibu swali moja na kuyaacha mengine kwa wenyewe.

Kenya nako mjadala umekuwa na sura nyingi. Ken Okoth, mbunge wa Kibra, mtu msomi na mpole, aliandaa mwaka 2018 muswada wa kuiondoa bangi katika jinai na kuiweka chini ya udhibiti. Saratani ikamchukua Julai 2019 na muswada ukalala pamoja naye. Warastafari wakaenda Mahakama Kuu mwaka 2021 kudai haki ya ibada. Kisha katika uchaguzi wa mwaka 2022 akaja George Wajackoyah, profesa wa sheria aliyevaa fulana na kilemba, akaahidi kulilipa deni la taifa kwa kuuza bangi, sumu ya nyoka na viungo vya fisi, akawachekesha watu kutoka Mombasa hata Kisumu. Hakupata hata nusu ya asilimia moja ya kura. Nadhani alilitendea shauri lenyewe ubaya, maana tangu siku hiyo kila alitajaye kwa uzito hupokewa kwa kicheko. Na hata kabla yake, katika Bunge la Tanzania, Jumanne Kishimba wa Kahama Mjini alipopendekeza mwaka 2019 kuwa kilimo cha bangi kiruhusiwe kwa minajili ya dawa, kicheko kilikuwa kimekwisha mtangulia.

Na tuje katika dawa. Mwaka 1964 mabwana Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, huko Israeli, waliitenga na kuibainisha ile chembe ya bangi inayolevya, ambayo wataalamu huifupisha kwa herufi THC. Ndugu yake, kanabidioli, halevyi, na hiyo ndiyo iliyotengenezewa dawa ya maji iitwayo Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani mwezi Juni 2018 kwa namna mbili za kifafa kikali cha watoto, kile ambacho mtoto huanguka mara nyingi kwa siku moja na dawa za kawaida hazimsaidii. Hiyo ni tiba iliyopimwa kwa watoto wengi, kwa mizani, kwa kipimo kilichoandikwa juu ya chupa. Haihusiani na mvutaji wa kijiweni asemaye kuwa anavuta kwa ajili ya macho, wala na yule auzaye mafuta ya bangi barabarani akidai yanaponya kisukari, saratani na ugumba, kana kwamba magonjwa yote ni mamoja. Anayetaka tuwahurumie wagonjwa ana hoja, lakini amtenge mgonjwa na mlevi, asije akamvisha mmoja kanzu ya mwenziwe.

Kwa upande wa madhara, ukweli uko baina ya wanaosema kila mvutaji huishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe na wanaosema jani halijamdhuru mtu. Bangi peke yake ni nadra mno kumuua mtu kwa kuzidisha kipimo, na katika hilo pombe ni katili zaidi. Lakini takriban mmoja katika kila watumiaji 10 hunaswa nayo asiweze kuiacha, na hatari hiyo huzidi kwa aliyeanza katika umri wa shule, ambaye ubongo wake bado unajengwa. Bangi kali inayovutwa kila siku huongeza hatari ya wazimu wa kusikia sauti na kushuku watu, khususan kwa wenye asili ya maradhi hayo katika ukoo wao. Moshi ni moshi, na pafu haliulizi umetoka katika jani gani. Na dereva wa bodaboda aliyevuta asubuhi hahitaji takwimu kujua kuwa breki yake imechelewa; abiria wake ndiye anayehitaji.

Limebaki shauri la biashara, na ni hapa ambapo mimi huziba masikio yangu mbele ya watu wa mahesabu. Ni kweli kwamba jimbo la Colorado, lililofungua maduka yake tarehe 1 Januari 2014, limekusanya kodi inayozidi dola bilioni 2. Lakini soma pia habari ya Thailand. Huko bangi iliondolewa katika orodha ya dawa za kulevya tarehe 9 Juni 2022 kabla sheria ya kuidhibiti haijapitishwa. Maduka yakachipuka kwa maelfu, karibu na hoteli, karibu na shule, karibu na kila kona. Na Juni 2025 serikali ikarudi nyuma, ikaagiza kwamba hauziwi mtu isipokuwa kwa cheti cha tabibu. Huku kwetu Lesotho ilitoa leseni za dawa tangu mwaka 2017, Malawi ikapitisha sheria yake mwaka 2020, na Rwanda ikakubali mwaka 2020 kilimo kwa ajili ya dawa za kusafirishwa nje, huku ikikaza marufuku kwa raia wake. Kanuni za wanunuzi wa Ulaya zinataka nyumba za kioo, ua wa nyaya, kamera na maabara. Mkulima wa Nkhotakota, ambaye bangi yake ndiyo iliyoipatia Malawi jina duniani, hana hata kimoja katika hivyo. Aliyefungwa kwa kulima jana hupishana mlangoni na mwenye mtaji aliyepewa leseni ya kulima leo.

Na asidhani mtu kuwa kuruhusu huondoa sumu. Kenya iliruhusu chang'aa, pombe kali ya kienyeji, kwa sheria ya mwaka 2010, kwa nia njema kabisa, ili ipikwe kwa usafi na kufungwa katika chupa zenye anwani. Mwezi Mei 2014 watu makumi kwa makumi wakafa na wengine wakapofuka kwa pombe iliyochanganywa methanoli. Sheria iliandikwa, mkaguzi hakufika. Nchi ambayo haijaweza kumzuia mwenye duka kumuuzia mtoto wa darasa la sita kipakiti cha pombe haiwezi kuniambia kuwa itaweza kumzuia kumuuzia bangi.

Kwa hiyo mimi, nikiulizwa, hukumu yangu ni ya vipande vipande, kama ilivyokuwa ya mafakihi wa kale. Uharamu wake siwezi kuuondoa wala sina idhini ya kuuondoa. Dawa iliyopimwa na iingie hospitalini kwa mlango ule ule uliopitiwa na mofini, ambayo asili yake ni afyuni na hakuna aliyetuambia kuwa kwa sababu hiyo afyuni imekuwa halali. Duka la starehe lisifunguliwe, walau mpaka tuonyeshwe mkaguzi. Mwenye gunia na akutane na sheria. Lakini mwenye msokoto, ambaye hakumwibia mtu wala hakumpiga mtu, atolewe kizimbani, apewe onyo, faini anayoiweza, na njia ya kumwona mganga wa hospitali akitaka kuacha; Ureno imefanya kitu cha namna hiyo tangu mwaka 2001, huku ikiacha marufuku ya kuuza mahali pake, na maisha yakaendelea. Kenya yenyewe, ambayo sheria yake ya mwaka 1994 ilimpangia mvutaji miaka 10, imekwisha mpunguzia adhabu kwa marekebisho ya mwaka 2022, bila ya kutangaza kuwa imehalalisha chochote.

Kwa kulifanya hilo hahitajiki profesa wa kilemba wala deni la taifa. Chahitajika kifungu kimoja, chenye gramu zilizotajwa kwa tarakimu, kitakachomtenga mvutaji na mfanyabiashara. Mimi sijasikia muswada wa namna hiyo ukisomwa katika Bunge la Tanzania.